Kufunga mzigo wa safari na kambi kwenye baiskeli nyepesi ya mbio: kutoka Tabora hadi Kigoma

Simama asubuhi kwenye barabara yoyote inayoingia Tabora mjini uangalie baiskeli zinazopita. Magunia ya mkaa yamesimamishwa nyuma ya dereva, madumu ya maji yananing'inia pande zote mbili, mwingine kabeba kitanda kizima. Hizo ni Phoenix na ndugu zake: fremu ya chuma kizito, keria ya nondo, tairi nene. Ufungaji huo huo ukiuhamishia kwenye baiskeli ya mbio ya kilo 9, utaivunja. Baiskeli ya mbio imepunguzwa uzito mahali pale pale ambapo sisi tumezoea kuweka mzigo, yaani gurudumu la nyuma, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na bomba la siti.

Pamoja na hayo, kutoka Tabora hadi Kigoma kwa baiskeli hiyo, ukiwa na hema, chakula na zana, inawezekana kabisa. Ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye baiskeli ya mbio tayari, asiye na fedha za kununua nyingine ya safari, na anayetaka kulala njiani kwenye hema lake. Wengi huanza kwa kutafuta begi. Sisi tutaanza na baiskeli, tuje kwenye mzigo, kamba zifuate mwisho.

Hatua ya kwanza: gurudumu la nyuma

Tafuta kwanza uzito ambao mtengenezaji ameruhusu. Huwa umeandikwa kwenye kijitabu, na kwa baiskeli nyingi za kaboni hauko mbali na kilo 120, ukijumlisha baiskeli, mpanda na mzigo wote. Kwa mtu wa kilo 70, hesabu hiyo inaacha kilo nyingi tu za mzigo. Usiifurahie sana. Fremu inaweza kustahimili kilo hizo na gurudumu lisistahimili.

Hesabu spoki za gurudumu la nyuma. Raleigh za zamani zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na ndiyo maana zilibeba walichobeba babu zetu. Gurudumu la mbio mara nyingi lina spoki 24 nyuma, wakati mwingine 20. Tena spoki hizo hazivutwi sawa. Upande wa gia zimesimama wima zaidi na zimekazwa sana, upande wa pili zimelegea kiasi. Kila gurudumu linapozunguka, spoki iliyo chini inalegea kidogo halafu inakazika tena, na uzito ukiongezeka kule kulegea kunaongezeka. Baada ya maelfu ya mizunguko chuma kinachoka, na spoki inakatika pale inapopinda kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mara nyingi inakatikia upande wa gia, ambako huwezi kuweka nyingine bila kwanza kutoa gia zote.

Mpelekee fundi anayejua magurudumu, na umtazame anavyofanya kazi. Fundi mzuri hakimbilii spana. Anainua gurudumu, anapitisha ukucha spoki moja baada ya nyingine na kusikiliza. Zilizokazwa sawa zinatoa mlio unaokaribiana kwa kila upande. Iliyolegea inatoa sauti nzito, imekufa. Akiisikia anaizungusha nati robo mzunguko, anagusa na ya jirani yake, anasikiliza tena. Kazi hiyo ikifanyika vizuri nyumbani itakuokoa porini, wala gharama yake si kubwa.

Ukiweza kutumia fedha mahali pamoja tu katika safari hii, zitumie kwenye gurudumu la nyuma la spoki 32, zile za kawaida zenye kichwa kilichopinda. Mbele unaweza kuacha lililokuja na baiskeli. Ukibaki na gurudumu la spoki chache, mzigo wako wote usizidi kilo 10 mbali na maji. Hesabu zangu zote huko chini zinafuata kipimo hicho, na hata mwenye gurudumu imara namshauri asikivuke.

Chukua spoki tatu za akiba na nati zake, zikiwa za urefu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu pande hizo hutofautiana kwa milimita chache. Zibane kwa gundi ya nailoni, ile ya utepe, kwenye bomba la fremu linalokwenda gurudumu la nyuma, zisikae ndani ya begi na kutoboa vitu. Weka pia ufunguo mdogo wa spoki na kifaa cha kufungulia gia za nyuma. Spoki za Phoenix zinazouzwa kila senta hazitaingia kwako: ni nene na urefu wake ni mwingine.

Hatua ya pili: tairi, na namba inayodanganya

Tairi la milimita 23 ni jembamba mno kwa safari hii. Weka 28 ikiwa fremu na breki zinaruhusu, na uhakikishe panabaki angalau milimita 4 kati ya tairi na breki, kwa sababu vumbi na kokoto hutafuta mahali pa kukwama. Baiskeli nyingi za mbio za zamani hazipitishi zaidi ya 25. Ikiwa yako ni hivyo, punguza mzigo na usipite barabara ya vumbi ukiwa na haraka.

Sasa lipo jambo ambalo limewakwamisha watu. Ukiingia duka la vipuri Urambo au Nguruka ukaomba tairi la 28, utapewa. Litakuwa limeandikwa 28 x 1½, yaani inchi na si milimita, ambalo kipenyo chake pale linapokaa kwenye rimu ni milimita 635. Rimu ya baiskeli yako ya mbio, ile ya 700C, ni milimita 622. Kwa macho yanafanana, lakini ukilivalisha litacheza na kuchomoka. Tairi la inchi 26 nalo ni dogo kabisa. Kwa hiyo beba tairi moja la akiba la aina inayokunjika, karibu gramu 300, na tyubu mbili. Hilo halina mbadala kati ya Tabora na Kigoma.

Mdomo wa tyubu nao ni hivyo hivyo. Tyubu za mbio zina mdomo mwembamba, na tundu la rimu ni la milimita 6.5, dogo kwa mdomo wa aina ya pikipiki. Beba pampu yako, halafu ongeza adapta ndogo ya shaba inayofungwa juu ya mdomo mwembamba. Ukiwa nayo, kijiwe chochote cha bodaboda chenye pampu kinakuwa msaada kwako. Adapta yenyewe ni ndogo kuliko ncha ya kidole, ifunge kabisa kwenye mdomo wa tyubu ya mbele isipotee.

Upepo: kwa mpanda wa kilo 70 na tairi la 28, anza na psi 90 nyuma na 75 mbele, ukiwa na mzigo wote. Ukiwa mzito zaidi, ongeza kidogo bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukiona tyubu imetoboka matundu mawili yanayoelekeana, ujue upepo ulikuwa mdogo na rimu imebana tyubu kwenye shimo. Tundu moja ni mwiba, na kabla hujavalisha tyubu mpya pitisha vidole ndani ya tairi polepole. Mwiba wa mgunga hukatika na ncha ikabaki ndani, ikisubiri tyubu ya pili.

Hatua ya tatu: tandika mkeka, weka kila kitu juu yake, pima

Azima mizani, hata ile ya dukani ya kuning'iniza, na upime kitu kimoja kimoja. Makadirio ya mkono hudanganya, hasa kwa nguo.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kwa safari ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Hema la mtu mmoja lenye neti, kilo 1.3. Mfuko mwembamba wa kulalia, gramu 700, kwa sababu usiku wa Julai Tabora hushuka hadi digrii 14 au 15 na shuka peke yake halitoshi, ingawa ukishakaribia ziwa joto linaongezeka. Mkeka wa sponji, gramu 300. Nguo zote, kilo 1.2, maana yake seti moja ya kuendeshea, moja ya jioni, na sweta. Koti jepesi la mvua au upepo, gramu 300. Zana, tyubu, tairi, viraka, solusheni na pampu, kilo 1.8. Chakula cha akiba, kilo 1.2. Dawa na vifaa vya kidonda, gramu 300. Simu, betri ya kuchajia na taa, gramu 600. Sabuni, mswaki na karatasi, gramu 300. Jumla ni kilo 8, na mabegi yenyewe yakiongeza kilo moja unafika 9.

Kwenye hesabu hiyo hakuna jiko wala sufuria, na nimeviacha kwa makusudi. Mitungi midogo ya gesi ya kambi usitegemee kuipata njiani, na kuwasha moto wa kuni kwenye miombo mikavu ya Agosti ni hatari kwa msitu na kwa mizinga ya nyuki ya watu. Isitoshe, kila senta ya njia hii ina mama lishe. Kula wali maharage mchana Kaliua, funga chapati na mihogo ya kuchemsha kwa ajili ya jioni, beba karanga na dagaa wakavu kwa ajili ya dharura. Dagaa wa Kigoma ni chakula cha msafiri hasa: hawana uzito, hawaharibiki, na wanatia nguvu. Asali ya Tabora beba chupa ndogo tu. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, na wengi wanaibeba wakidhani ni sawa na maji.

Kuna watakaosema waache hema wachukue bembea ya kulalia kwenye miti. Kwenye miombo ya Urambo na Kaliua ni wazo zuri, miti ipo ya kutosha na utaokoa nusu kilo. Lakini siku moja utalala uwanja wa shule ambako mti upo mmoja, na hapo utatamani hema. Kwa vyovyote vile, usiache neti. Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria bado ni nyingi, na neti ya gramu chache haistahili kuwa kitu cha kupunguzia uzito.

Hatua ya nne: kila kitu kikae wapi

Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda kwa miguu kati ya pwani na Ujiji katika karne ya 19 walibeba takriban kilo 30 kila mmoja. Mizigo iliyogawanyika waliifunga mizega, nusu mbele ya bega na nusu nyuma, ili uzito usimvute mtu upande mmoja. Kanuni hiyo ndiyo itakayokusaidia hapa. Mzigo ugawanywe mbele na nyuma, na vilivyo vizito vikae katikati na chini.

Katikati ya fremu ndipo mahali pazuri kuliko pote. Tafuta begi jembamba linalofungwa chini ya bomba la juu, na fundi viatu au mshona mahema mzuri anaweza kukushonea la turubai akikata kwa kufuata karatasi uliyochora kutoka kwenye fremu yako. Usiache kupima upana: likizidi sentimita 6 magoti yatalisugua kila unapozungusha pedali, na baada ya kilomita 50 utalichukia. Humo weka zana, tairi la akiba, betri na chakula kizito, jumla kilo 3. Chini yake pabaki nafasi ya chupa mbili za maji. Ikiwa fremu ni ndogo, tumia chupa fupi.

Nyuma ya siti weka begi refu linalobana kwenye reli za siti na kwenye bomba lake. Lisizidi lita 10 na kilo 3.5. Kosa la kawaida ni kutia nguo kwanza, kwa kuwa ndizo laini, na hema mwishoni. Fanya kinyume chake. Hema bila vijiti vyake liwe la kwanza kuingia, liguse bomba la siti, kisha nguo, na koti la mvua liwe mwisho kabisa ili ulifikie bila kufungua kitu. Uzito ukikaa mkiani, begi litapiga kushoto na kulia kila unaposimama kwenye pedali, na kupanda mlima kutakuwa kazi ya kupigana na baiskeli. Kama bomba la siti ni la kaboni, lizungushie gundi ya nailoni mahali pote begi linapogusa, kwa sababu mchanga ukiingia hapo unasaga kama msasa.

Mbele, kwenye usukani, weka mfuko wa kulalia na mkeka vimeviringishwa pamoja ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na vijiti vya hema. Kilo 2 zinatosha. Mviringo huo uingie kati ya pembe mbili za usukani bila kuzuia mikono kushika breki. Angalia mambo mawili kwa makini. Kwanza, pawe na angalau sentimita 5 kati ya mfuko na tairi la mbele, hata ukiwa umeingia shimoni, maana mfuko ukigusa tairi kwenye mteremko, wewe utarushwa juu ya usukani. Pili, nyaya za breki na gia zisibanwe. Chukua kandambili kuukuu, kata vipande vitatu vya unene wa kidole, viweke kati ya mfuko na usukani. Vitausogeza mfuko mbele, nyaya zitapumua, na fremu haitachubuka.

Kilichobaki, kama nusu kilo, kiwe kwenye kimfuko kidogo juu ya bomba la juu karibu na usukani: karanga, simu, kitambulisho, fedha ndogo ndogo.

Je, keria? Kama fremu ni ya chuma au alumini na ina matundu ya kufungia bolti, unaweza kuweka keria nyepesi na kubeba hadi kilo 6 juu yake, badala ya begi la siti. Kama haina matundu, tumia klampu zenye mpira ndani kwenye mabomba ya nyuma, lakini kwenye chuma na alumini tu. Kaboni haibanwi kwa klampu hata kidogo, iwe fremu, foku au bomba la siti. Kaboni hustahimili nguvu inayokuja kwa mwelekeo iliyotengenezewa. Ukiibana kutoka pembeni inapasuka ndani kwa ndani bila kukuonyesha chochote, mpaka siku inapoachia. Fundi atakayekwambia "itashika tu, bosi" mshukuru na umwambie asubiri.

Hata ukiwa na keria, mifuko mikubwa ya kuning'iniza pembeni haifai. Bomba la nyuma la baiskeli ya mbio, kutoka kwenye pedali hadi kwenye habu, lina urefu wa karibu sentimita 41, wakati la baiskeli ya safari huanzia 43 na kuendelea. Kwa hizo sentimita chache zinazokosekana, kisigino chako kitakuwa kinapiga mfuko kila mzunguko. Ukiusogeza mfuko nyuma kukwepa kisigino, mkia unaanza kutikisika.

Hatua ya tano: kufunga

Vipande vya tyubu ya pikipiki vilivyokatwa kwa upana wa vidole viwili ndiyo kamba bora tuliyonayo, na havizidiwi na mikanda ya dukani. Kifundo kianzie chini. Vuta mpira mpaka ubaki nusu ya unene wake, pitisha juu ya mzigo, teremsha upande wa pili, pinda mara moja chini ya keria au reli ya siti, rudi juu kwa kukata msalaba. Mwisho wa mpira uchomekwe chini ya mzunguko uliotangulia, usiachwe ukining'inia. Ncha inayoning'inia ndiyo hunaswa na gurudumu. Kwa sababu hiyo hiyo, kamba za elastiki zenye ndoano za chuma ziache nyumbani. Ndoano moja ikichomoka na kuingia kwenye spoki, gurudumu limekwisha.

Mipira hiyo isikae moja kwa moja juu ya fremu ya kaboni au rangi unayoipenda. Tanguliza kitambaa au gundi ya nailoni. Ukimaliza kufunga, shika mzigo kwa mikono miwili uutikise kwa nguvu. Baiskeli nzima ikitikisika pamoja nao, umefunga. Mzigo ukitikisika peke yake, fungua uanze upya.

Neno kuhusu rangi ya mabegi, ambalo wauzaji hawalitaji. Kwenye miombo kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi pamoja na kitu kinachotembea. Mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Mabegi mengi ya baiskeli ni meusi. Yafunike kwa kitambaa cha kaki au kijivu, na uvae hivyo hivyo. Malale yana historia ndefu katika mapori ya Urambo na ya Kigoma, na hata bila ugonjwa kuumwa na mbung'o ni maumivu matupu.

Hatua ya sita: jaribu ukiwa karibu na nyumbani

Usiondoke asubuhi ya safari na mzigo ambao hujawahi kuuendesha. Kwa aliye Tabora, nenda Kwihara na kurudi, ile njia ya kwenye tembe la Livingstone. Kwa anayeanzia Kigoma, panda kutoka stesheni hadi Mwanga halafu shuka tena. Beba kila kitu, pamoja na maji.

Kwenye kupanda, angalia kama gia nyepesi inatosha. Meno 34 mbele na 28 nyuma ni mwanzo mzuri. Ikiwa unapanga kukunja kwenda Kasulu, ambako unatoka ziwani kwenye mita zipatazo 770 hadi zaidi ya mita 1,200, weka 32 nyuma kama kibadili gia chako kinairuhusu. Kwenye kushuka, shika breki mapema kuliko ulivyozoea, kwa kuachia na kushika. Mzigo huongeza umbali wa kusimama, na mpira wa breki uliokwisha nusu ubadilishe kabla ya kuondoka.

Ukirudi, kaza bolti zote kwa alenki (spana ya pembe sita), kisha angalia palipochubuka. Mchubuko wa kilomita 20 utakuwa tundu ukifika Uvinza.

Hatua ya saba: barabarani

Waulize madereva wa mabasi ya Kigoma ni kipande kipi siku hizo kina mchepuko au vumbi. Jibu lao ni jipya kuliko ramani yoyote.

Kila kijiji kina matuta, na kabla ya matuta zipo rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana. Baiskeli ya mbio yenye mzigo haitaki kupita hapo umekaa. Inuka kwenye siti, kunja magoti na viwiko, acha baiskeli icheze chini yako. Rasta ndizo zinazolegeza bolti, kwa hiyo kila jioni, kabla ya kuoga, gusa bolti za siti, usukani na keria, na pitisha ukucha kwenye spoki kama ulivyomwona fundi akifanya. Cheni ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, tia mafuta machache, futa yaliyozidi.

Malori na mabasi hayatakupisha. Weka kioo kidogo kwenye usukani, vaa kizibao cha kung'aa, na ukisikia honi ndefu nyuma yako toka barabarani bila kubishana.

Maji: lita 3 ndicho kiwango cha chini kati ya senta na senta, na hizo ni kilo 3. Zibebe kwenye fremu, si nyuma. Sehemu ndefu za pori, ongeza chupa ya lita moja na nusu katikati ya fremu na uinywe hiyo kwanza. Maji ya kisima yatie vidonge vya klorini, usubiri nusu saa.

Pa kulala, tafuta kabla ya saa kumi na moja jioni. Usijifiche porini. Njia hii inapita karibu na hifadhi, na kupiga hema ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa la kisheria, achilia mbali wanyama. Ingia kijijini, uliza kwa mwenyekiti au mtendaji, mwamkie "Shikamoo mzee", mweleze unatoka wapi na unakwenda wapi, toa kitambulisho bila kuombwa. Kigoma ni mkoa wa mpakani na mgeni mwenye hema huulizwa maswali. Ukianza wewe kujieleza, yanakwisha haraka. Mara nyingi utapewa uwanja wa shule, wa zahanati au wa kanisa, na mtoto atatumwa kukuonyesha kisima. Baiskeli iingize ndani ya uzio au uifunge kwenye mti pamoja na kamba ya hema, ili ikivutwa uamke. Kabla ya kutandika, kagua ardhi kwa tochi kama kuna njia ya siafu.

Ukishavuka Malagarasi kwa Daraja la Kikwete, nchi inabadilika na milima inaanza. Kula vizuri Uvinza, mji wa chumvi, na kama ulikuwa na chakula cha akiba ambacho hujakigusa, kigawe hapo. Huna sababu ya kupandisha kilo moja ya karanga juu ya vilima vya mwisho.

Kurudi kwa treni

Ukipanga kurudi Tabora kwa treni, fika stesheni ya Kigoma siku moja kabla uulize utaratibu wa vifurushi na nauli ya mzigo. Baiskeli ipakiwe ikiwa tupu. Vua mabegi yote, chupa, taa na kile kimfuko cha juu, uingie navyo kwenye behewa. Toa pedali kwa spana, na kumbuka ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande usiouzoea. Geuza usukani ulingane na fremu. Punguza upepo kidogo. Funga kipande cha boksi juu ya gia za nyuma na kibadili gia chake, maana hapo ndipo gunia la mtu mwingine litakapoegemea, na kibadili gia kikipinda kidogo tu cheni itaingia kwenye spoki utakapobadilisha gia kupanda tena.